Dar es Salaam kwa pesa kidogo: mwongozo kamili tangu kushuka kwenye basi hadi siku ya kuondoka

Mwaka jana binamu yangu alitoka Songea kuja Dar kwa siku chache. Ni mtu wa kubana matumizi. Alikula kwa mama lishe, akalala gesti ya shilingi 20,000 kule Mbagala kwa sababu aliambiwa Mbagala vyumba ni rahisi. Shughuli zake, lakini, zilikuwa Kariakoo na Mwenge. Usiku wa pili alikuja kwangu Magomeni kuomba ushauri, tukafungua daftari tukahesabu. Vyumba: 40,000. Chakula: 14,000. Bodaboda na bajaji: 51,000.

Tangu siku hiyo kila ndugu anayekuja mjini namwambia jambo moja kabla ya mengine. Dar ni jiji la umbali, na pesa ya mgeni inaliwa na njia. Ukijua ulale wapi na utoke saa ngapi, mengine yote utayamudu.

Hatua ya kwanza: chora jiji kabla ya kufunga begi

Chukua karatasi. Weka nukta upande wa bahari, hapo ndipo mjini: Posta, Kivukoni, Stesheni, na Kariakoo kando yake. Kutoka hapo barabara kuu nne zinatawanyika kama vidole. Ya kwanza ni Barabara ya Bagamoyo, inayokwenda Makumbusho, Mwenge, Tegeta hadi Bunju. Ya pili ni ya Morogoro, inapita Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara na Mbezi. Ya tatu ni ya Nyerere, inapita Tazara na uwanja wa ndege kuelekea Gongo la Mboto. Ya nne ni ya Kilwa, inakwenda Mtoni na Mbagala. Ng'ambo ya maji, peke yake, ipo Kigamboni.

Sasa andika kila mahali unapotaka kufika, kila sehemu kwenye kidole chake. Sehemu zilizo kwenye kidole kimoja zinafikika kwa gari moja na nauli ndogo. Kuruka kutoka kidole kimoja hadi kingine ndiko kunakochosha. Barabara zinazounganisha vidole ni chache: Sam Nujoma kati ya Mwenge na Ubungo, na Mandela kutoka Ubungo kupitia Buguruni na Tazara kuelekea bandarini. Zote mbili jioni zinajaa foleni. Kwa hiyo siku moja, kidole kimoja. Binamu yangu alikuwa anaruka kutoka Kilwa hadi Bagamoyo kila asubuhi, tena ana haraka, ndiyo maana akaishia kwenye pikipiki.

Angalia na kalenda. Masika ni Machi hadi Mei, na mvua ikizidi, Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, na mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) wa njia hiyo husimama. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa ni nzuri na feni tu inatosha, huhitaji kulipia chumba chenye kiyoyozi. Ila mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai kuna maonyesho ya Sabasaba. Usije wakati huo kama huna sababu nayo, hasa upande wa Barabara ya Kilwa.

Vitu vya kubeba: kitambulisho (cha NIDA kwa Mtanzania, pasipoti kwa mgeni wa nje), laini yenye pesa ya simu, noti ndogo ndogo na sarafu. Sarafu zina kazi nyingi, kuanzia nauli ya daladala hadi choo cha kulipia stendi. Usibebe mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku nchi nzima Juni 2019.

Hatua ya pili: kuingia mjini

Wengi wanashukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Hapo bado hujafika mjini, una zaidi ya kilomita 20 mbele yako. Ukishuka tu utazungukwa: "Dada unaenda wapi? Kaka taksi? Anti leta begi." Shikilia begi mwenyewe, jibu kwa upole "ahsante, napokelewa", kisha tembea. Hata kama hupokelewi. Mtu akishabeba begi lako, bei anapanga yeye.

Panda daladala yoyote inayopita Ubungo, itakupitisha Kimara, mwanzo wa mwendokasi wa Barabara ya Morogoro. Hapo unachukua basi la Kivukoni, Gerezani au Morocco kulingana na unakokwenda. Ukiwa na mizigo mikubwa au ukifika usiku mwingi, usijitese: lala hapo hapo Mbezi, uingie mjini asubuhi baada ya saa tatu, watu wa kazini wakishapita. Chumba kimoja cha Mbezi ni rahisi kuliko gari la kukodi la saa sita usiku.

Ukitokea Morogoro au Dodoma, treni ya SGR (reli ya kisasa) imebadilisha mambo tangu ilipoanza kubeba abiria katikati ya 2024. Inakushusha mjini kabisa, si mbali na Gerezani. Kata tiketi mapema kwa kitambulisho, na usifike dakika za mwisho kwa sababu mizigo inakaguliwa.

Wa ndege: uwanja uko kama kilomita 12 kutoka mjini. Toka hadi Barabara ya Nyerere na usimame kituoni, magari ya kutoka Gongo la Mboto kwenda mjini yanapita hapo. Jengo la tatu liko ndani kidogo, kwa hiyo mwenye masanduku mawili afadhali aite gari kwa programu ya simu na aione bei kabla ya kupanda.

Hatua ya tatu: chumba

Chagua mtaa kwa kufuata karatasi yako. Shughuli za Kariakoo, Muhimbili na Posta: lala Kariakoo yenyewe, Magomeni au Ilala. Shughuli za chuo kikuu, Mwenge na Mikocheni: Sinza ndiyo yenyewe, ina gesti nyingi na chakula hadi usiku. Mwenye safari ya alfajiri: Mbezi. Manzese ni rahisi na iko kwenye njia ya mwendokasi, ila chagua gesti iliyo karibu na barabara kubwa.

Chumba safi cha kawaida kwenye mitaa hii utakipata kwa shilingi 20,000 hadi 35,000. Vya chini ya hapo vipo, na baadhi ni vizuri, lakini hapo ukaguzi ni lazima. Mimi nakagua hivi, na silipi kabla sijamaliza.

Naomba funguo, naingia peke yangu na kufunga mlango. Komeo la ndani linashika? Kitasa pekee hakitoshi. Nafungua bomba, naacha maji yatoke kwa dakika nzima. Yakija kwa kukohoa halafu yakakata, nauliza tangi linajazwa lini. Nikiambiwa "yanakuja jioni", naomba ndoo mbili zijazwe sasa hivi, mbele yangu. Navuta choo. Nawasha feni hadi namba ya mwisho na kusikiliza, maana feni inayogonga usiku ni kama mtu anapiga nyundo. Nashusha neti na kuinyoosha mbele ya dirisha, mwanga unaonyesha matundu yote. Nainua shuka pembeni mwa godoro, kwenye mshono, ndiko kunguni wanakokaa. Madoa madogo meusi yakionekana, narudisha funguo bila maneno. Mwisho nafungua dirisha: nje kuna baa? Kuna spika?

Baada ya hapo maswali mapokezi. Umeme ukikatika kuna jenereta? Natakiwa kutoka saa ngapi? Gesti nyingi ni saa nne asubuhi, na ukichelewa wanadai siku nyingine. Na hili liulize bila aibu: mnapangisha kwa saa? Kama jibu ni ndiyo, jiandae kwa milango kugongwa usiku kucha, au tafuta kwingine. "Self" maana yake choo na bafu viko ndani, usidhani, uliza. Ukikaa siku tatu au zaidi omba wapunguze, na wengi hupunguza ukiomba kwa heshima na ukilipa siku zote mara moja. Lakini mimi hulipa usiku wa kwanza tu, nalala, kisha asubuhi ndiyo naongea bei ya siku zilizobaki. Kuna gesti moja nililipa siku nne mbele, maji yakakata siku ya pili, na kurudishiwa pesa ikawa kazi ya wiki.

Hatua ya nne: kutembea na jiji, si kupambana nalo

Foleni ina ratiba. Asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu magari yanaingia mjini. Jioni kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku yanatoka. Mgeni hana saa ya kuripoti, basi toka saa tatu na nusu, rudi saa tisa, au kaa mjini hadi saa mbili usiku. Kwa kufanya hivyo tu utapata siti, utasafiri kwa nusu ya muda, na hutashawishika kupanda bodaboda.

Daladala ndiyo gari la nauli ndogo kuliko zote. Mwisho wa 2023 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ilipandisha nauli ya safari fupi kutoka shilingi 500 hadi 600, na inaongezeka kwa umbali. Usisome rangi ya gari, soma maandishi ya mbele: mwanzo na mwisho wa ruti. Hata hivyo muulize konda kabla ya kupanda, "Unapita Magomeni Mapipa?", kwa sababu jioni wengine wanakatisha ruti. Shika nauli kamili mkononi, begi liwe kifuani. Ukikaribia, sema kwa sauti "shusha kituoni!" na uanze kusogea, usisubiri gari lisimame ndipo uanze kujikwamua. Kama hujui kituo, mwambie konda tangu mwanzo, "Kaka, nikifika Bakhresa naomba uniambie," halafu mwambie na abiria wa jirani. Konda anasahau. Mama aliyekaa pembeni yako hasahau.

Ukilazimika kuondoka mjini saa kumi na moja jioni, ujue neno *kugeuza*. Magari yakifika mwisho wa ruti yanakuwa yameshajaa, kwa sababu watu wamepanda vituo vya nyuma huku gari linakwenda mjini, wakakaa nalo hadi ligeuze. Unalipa nauli mara mbili, kwenda na kurudi, lakini unakaa kwenye siti saa nzima badala ya kupigana mlangoni. Kwa mwenye mzigo, mtoto au mguu unaouma, hiyo nauli ya pili ina faida.

Mwendokasi ulianza 2016 na una njia yake, kwa hiyo foleni haiugusi sana. Unalipia kituoni kabla ya kuingia. Soma kibao cha mbele, kwani mabasi mengine hayasimami kila kituo. Ubaya wake ni msongamano: saa za kazini mtu mgeni mwenye begi atateseka, na wezi wa mfukoni wanaujua huo msongamano kuliko wewe.

Bodaboda na bajaji tumia kwa vipande vifupi tu, kutoka barabara kubwa hadi ndani ya mtaa. Patana kabla ya kukaa: "Mpaka pale msikitini, buku?" (yaani shilingi elfu moja). Bei ikikushinda, ondoka taratibu, mara nyingi utaitwa. Kwenye pikipiki dai kofia ngumu. Kuna vituo vyenye bajaji za kuchangia, ambapo kila abiria analipa sehemu yake. Uliza tu, "Hii ni ya kuchangia?"

Hatua ya tano: kula

Hapa Dar inamtendea vizuri mwenye pesa kidogo. Asubuhi kuna chai na chapati, vitumbua, maandazi, au supu kwa mwenye kazi ngumu. Mchana nenda kwa mama lishe, na fuata kanuni hii: sehemu yenye mafundi, madereva na watu wa ofisini pamoja, saa saba kamili, chakula ni cha moto na kinaisha. Wali maharage na mboga za majani utapata kwa shilingi 2,000 hadi 3,000 mitaa mingi, ukiongeza samaki au nyama bei inapanda. Uliza bei kabla ya kupakuliwa. Msalimie kwanza, mwite mama au dada, na mchuzi utaongezwa bila kuomba.

Feri ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Soko la samaki liko Magogoni, jirani na kivuko. Asubuhi kuna mnada, na mafungu makubwa yanaondoka na wafanyabiashara. Wewe usishindane nao. Ngoja kidogo, zunguka, nunua samaki mmoja au wawili kwa rejareja, kisha peleka kwa wakaangaji walio hapo hapo na makarai yao makubwa. Patana bei ya kukaanga kando na bei ya samaki. Vaa viatu vinavyofungika, sakafu ni maji na magamba matupu. Na simu ibaki mfukoni, Ikulu iko jirani na si mahali pa kupiga picha ovyo.

Jioni: chipsi mayai popote, mishikaki, supu ya pweza kwenye meza za barabarani, na baadaye kahawa chungu na kashata kwa wazee wa baraza. Kaa hapo nusu saa, utapata habari za mtaa ambazo hakuna mwongozo utakaokupa. Wakati wa Ramadhani mama lishe wengi hawafungui mchana, lakini jioni futari iko kila kona: magimbi, mihogo, tambi, uji wa pilipili manga.

Hatua ya sita: Kariakoo bila kuumia

Jina lenyewe lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na mpaka leo mtaa ni wa watu wenye mizigo kichwani. Nenda asubuhi, siku ya kazi. Jumapili maduka mengi yamefungwa. Nguo utazikuta Mtaa wa Kongo, kanga na vitenge Mtaa wa Uhuru.

Mzunguko wa kwanza usinunue. Uliza bei maduka matatu, kisha rudi. Usiseme "hii bei gani?", sema "hii ya jumla mnatoaje?", hata kama unataka tatu tu, kwa sababu maduka mengi yanaanza kuhesabu jumla kwa vipande vichache. Mkiwa ndugu wawili, nunueni pamoja. Atakayekufuata njiani akisema anakupeleka duka lenye bei nzuri ni dalali, na ujira wake unaingizwa kwenye bei yako. Simu usinunue mkononi kwa mtu, hata ikiwa ndani ya boksi lililofungwa. Dai risiti ya mashine na hakikisha kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa; ukikamatwa na mzigo usio na risiti, faini ni yako. Ukilipa kwa lipa namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Mzigo ukizidi, usiubebe siku nzima. Mabasi ya mikoani yanapokea mizigo, unaweza kuutuma nyumbani ukabaki mwepesi.

Hatua ya saba: kuona jiji kwa nauli tu

Asubuhi moja tembea kwa miguu mjini. Anzia kanisa la Mtakatifu Joseph mbele ya bandari, pita Azania Front la Kilutheri, yote mawili yalijengwa enzi ya Wajerumani. Panda hadi sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927. Wakongwe wa mji wanapaita Bismini, kutokana na Wissmann, gavana wa Kijerumani ambaye sanamu yake ilikuwa hapo kabla Waingereza hawajaiondoa. Malizia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Beba kitambulisho, raia ana kiingilio chake cha chini. Makumbusho ya Kijiji, Barabara ya Bagamoyo, nayo nzuri kwa wenye watoto: nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa pale.

Mchana vuka Kigamboni kwa pantoni, shilingi 200 tu. Dakika chache majini, upepo usoni, majengo ya mji yakirudi nyuma. Hakuna matembezi ya bei hiyo Dar nzima. Ukivuka, daladala zinakwenda Mjimwema kwenye fukwe.

Coco Beach nenda Jumapili jioni ule mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili. Kuogelea chungulia kwanza, maji yakikupwa mawe yanajitokeza. Kisiwa cha Mbudya ni kizuri zaidi, boti zinatokea Kunduchi, ila jumlisha boti, kiingilio cha hifadhi na chakula kabla hujakubali. Inafaa mkiwa kundi.

Usalama, kwa ufupi

Simu usiishike dirishani mwa gari wala ukingoni mwa barabara, inanyakuliwa na wa pikipiki. Usiku usipite kwa miguu Jangwani wala ufukwe usio na watu. Ukiona mtu ameokota "dhahabu" au kitita cha pesa mbele yako na anataka mgawane, endelea na safari yako, hao ni kundi moja. Karata tatu ni hivyo hivyo. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" futa. Polisi ni 112.

Siku ya kuondoka

Basi la saa kumi na mbili asubuhi linakutaka uwe Mbezi saa kumi na moja, na daladala za alfajiri si za kutegemea ukiwa na mizigo. Hamia gesti ya Mbezi siku moja kabla, mchana, wakati barabara imelegea. Tiketi kata kwenye ofisi ya kampuni au kwa simu, si kwa mpiga debe. Nunua maji na chakula cha njiani jioni hiyo hiyo, kisha mwambie mtu wa mapokezi akugongee saa kumi. Na weka alamu yako pia.